Kufa na Kufariki: Picha ya "Hachi" Ilivyofasiriwa Lizaboni

Picha ya sinema iitwayo "Hachi: A Dog's Tale", iliyoongozwa na Lasse Hallström na kutolewa mwaka 2009, haina neno la Kiswahili hata moja, wala hapana dalili kwamba walioitunga waliwahi kuwawazia watu wa Songea. Walakini iko nyumba moja katika Lizaboni ambamo picha hiyo hukumbukwa hadi leo kuwa ni picha ya Kiswahili. Watoto wa nyumba hiyo waliiona mwaka 2012, sebuleni, kwa deki na runinga ndogo, na kando ya runinga aliketi mjomba wao, ndugu wa mama yao, akiwafasiria. Mjomba akisema, mbwa na watu wote wa picha walisema. Mjomba akinyamaza ili anywe chai, Marekani nzima ilikuwa bubu. Waliitazama mara nyingi, kwa kadiri umeme ulivyoruhusu, ikawa ndiyo picha waliyoipenda kuliko zote.

Mmoja wa watoto hao, ambaye siku zile alikuwa na umri wa miaka tisa, ameirudia picha hiyo sasa akiwa mtu mzima. Aliitazama peke yake, kwa simu, tangu mwanzo hadi mwisho, akisikia Kiingereza chake bila mtu wa kati. Jambo la kwanza lililomshtua lilikuwa uchache wa maneno. Picha hiyo ya dakika 93 hupitisha vipande virefu bila mtu kusema lolote. Husikika muziki wa Jan A. P. Kaczmarek, huonekana majani ya miti yakigeuka rangi, hupita garimoshi. Maneno mengi aliyoyashika kwa miaka zaidi ya kumi, na ambayo angeweza kuyasema kwa ghibu, hayakuwamo. Aliyapenda kama maneno ya picha, kumbe yalikuwa ya mjomba. Mwenye kutaka kuihakiki picha hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili hana budi, basi, kushughulika na kazi mbili: ile iliyotengenezwa Marekani, na ile iliyosemwa Lizaboni. Ya kwanza imeandikwa habari zake mara nyingi. Ya pili haijapata mhakiki.

Kisa chenyewe ni chepesi. Parker Wilson, mwalimu wa muziki katika chuo kikuu, ambaye mchezaji wake ni Richard Gere, ashuka garimoshi jioni katika mji mdogo uitwao Bedridge, na stesheni amkuta mbwa mchanga aliyeletwa kutoka Japani, ambaye kikasha chake kilianguka na kuvunjika njiani. Amchukua nyumbani kwa usiku mmoja tu. Mkewe, Cate, hamtaki. Usiku mmoja wawa siku nyingi. Rafiki wa mwalimu, Ken, ambaye ni Mjapani, asoma alama iliyo katika ukosi wa mbwa na kueleza kwamba ni tarakimu ya nane, nayo kwa Kijapani ni "hachi". Mbwa akishakua humsindikiza mwalimu stesheni kila asubuhi na kumlaki jioni. Siku moja mwalimu aanguka akifundisha, afa papo hapo, na mbwa aendelea kwenda stesheni kwa takriban miaka kumi.

Nyuma ya kisa hiki yuko mbwa wa kweli. Hachikō alizaliwa mwaka 1923 huko Ōdate, katika jimbo la Akita, akafugwa Tokyo na Ueno Hidesaburō, aliyefundisha kilimo katika Chuo Kikuu cha Kifalme. Ueno alifariki tarehe 21 Mei 1925. Mbwa akawa aenda stesheni ya Shibuya mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Gazeti la Asahi liliandika habari yake mwaka 1932; mwaka 1934 akasimamishiwa sanamu ya shaba naye yungali hai; sanamu hiyo ikayeyushwa wakati wa vita, ikafanywa nyingine mwaka 1948. Mwaka 1987 Wajapani wenyewe walimtengenezea picha, na hiyo ya Hallström ni mjukuu wake. Kwa kupita njia, yafaa ionekane kwamba Marekani mwalimu wa kilimo amegeuzwa mwalimu wa muziki, hali Japani picha ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Agosti, yaani siku ambayo Tanzania ni Nanenane, sikukuu ya wakulima. Mjomba wa Lizaboni hakujua lolote katika hayo, lakini aliposikia kwamba Hachi maana yake ni nane, alimwita mbwa "Nanenane" kwa usiku mzima, na wadogo wakamfuata.

Tafsiri ya mjomba haikuanza vizuri. Sehemu ya kwanza ya picha yahusu mbwa akiwa mchanga, na Kiingereza kina neno moja tamu kwa mnyama huyo, neno ambalo hata mtoto huweza kulitamka mbele ya mgeni. Kiswahili cha kawaida chasema "mtoto wa mbwa". Mara mjomba alipoyasema maneno hayo sebuleni, watoto walipasua vicheko, na bibi yao aliyekuwa akipepeta maharage pembeni akauliza nani anatukanwa. Mjomba akajaribu "kijibwa", likawa na dharau. Akajaribu "kambwa", likawa la kuchekesha zaidi. Mwishowe akaliacha jina la aina na kushika jina la mbwa mwenyewe, na tangu hapo hakusema tena "mbwa" ila palipokuwa hapana njia. Mtazamaji alipoirudia picha amegundua kwamba ndani yake nako kuna kicheko cha namna hiyo: picha yaanzia darasani, ambapo Ronnie, mjukuu wa mwalimu, asimama kuwaeleza wenzake habari za shujaa wake, na wenzake wacheka kusikia kwamba shujaa ni mbwa. Utotoni hakukiona kicheko hicho, kwa kuwa kilizama katika kicheko cha sebuleni.

Si ajabu wacheke. Lugha ya Kiswahili haikumpa mbwa nafasi njema. Methali isemayo kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini yamweka mbwa mahali pa aibu, na ile ya mbwa asiyekufa maji akiona ufuko yamsifu kwa ukaidi tu. Hata upatanisho wa sarufi humweka mbali kidogo: mtu husema "rafiki yangu", "ndugu yangu", lakini husema "mbwa wangu", na mtoto asemaye "mbwa yangu" husahihishwa shuleni, ijapokuwa kosa lake lamtia mnyama katika safu ya jamaa. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba katika nyumba za Kiislamu za Lizaboni hukumbukwa pia yule mbwa wa Watu wa Pangoni, atajwaye katika Sura ya Al-Kahf, ambaye alilala kizingitini pa pango muda wote bwana zake walipokuwa wamelala. Mbwa angojaye mlangoni hakuwa mgeni kabisa kwa wasikilizaji wa mjomba.

Neno la kwanza kubwa alilolichagua mfasiri lilikuwa "mwalimu". Kiingereza cha habari za mbwa hupenda neno lenye maana ya bwana au mwenye mali, na mfasiri wa haraka angelisema "bwana wake" bila kufikiri. Mjomba hakulitumia hata mara moja. Kila Parker Wilson alipotokea, alikuwa "mwalimu". Kila mbwa alipokwenda stesheni, "anamfuata mwalimu wake". Pengine sababu ilikuwa nyepesi, kwamba mtu yule kweli ni mwalimu. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Katika nchi ambayo neno hilo lina heshima ya pekee, mbwa aligeuka kutoka mali ya mtu kuwa mwanafunzi wa mtu, na kungoja kwake kukawa adabu ya mwanafunzi. Hapo picha ilipata maana ambayo haikukusudia, na ambayo kwa sehemu yapingana nayo. Maana Ken amweleza rafiki yake wazi kwamba mbwa wa aina hii hafundishiki kurudisha mpira ili kumfurahisha mtu. Akiurudisha, ana sababu yake. Hachi wa Hallström hakufundishwa kitu. Hachi wa mjomba alifundishwa kila kitu, hata subira.

Asubuhi ya mwisho, mbwa auleta mpira kwa mara ya kwanza. Katika picha, mwalimu afurahi, acheza naye kidogo, na kuondoka. Mtazamaji aachiwa ajikisie. Mjomba hakuwaachia watoto wakisie. Alibadili sauti, akasema kwa sauti ya Hachi, "Mwalimu, leo usiende." Mtazamaji alikuwa na yakini kwamba mbwa alisema maneno hayo, na alipoirudia picha aliyasubiri hadi kipande kikapita. Kwa wasikilizaji wa sebuleni jambo hilo halikuwa na ugeni wowote, kwani katika ngano wanyama husema, na aliyekua akisikiliza habari za Sungura na Fisi hawezi kuona vigumu mbwa akimwonya mtu. Hallström naye alitaka kumpa mbwa nafsi, akatumia njia ya macho: baadhi ya vipande vyaonyeshwa bila rangi, kutoka chini, kana kwamba ni mbwa atazamaye. Njia hiyo ni ya ustadi, lakini ni baridi. Humwambia mtazamaji mbwa aona nini. Haimwambii mbwa ataka nini.

Yako pia mambo ambayo mjomba aliyatia bila picha kumpa hata kisingizio. Katika Bedridge kila mtu ni mwema. Mkuu wa stesheni, Carl, amhurumia mbwa. Muuza soseji ampa chakula. Mwandishi wa gazeti aandika habari zake na watu wapeleka fedha. Hakuna amfukuzaye. Watoto wa Lizaboni walijua jinsi mbwa asiye na mwenyewe anavyoishi karibu na soko, na mmoja akauliza, mbona hawampigi? Mjomba akajibu kwamba mwanzoni walimtupia mawe, ila picha imekata kipande hicho. Hakikuwapo kipande hicho. Lakini katika Shibuya ya kweli, kabla gazeti halijaandika, Hachikō alionewa na kufukuzwa stesheni mara kwa mara. Na habari zake zilipoenea, alisifiwa na kutiwa katika kitabu cha maadili cha shule, watoto wa Japani wa miaka ya 1930 wafundishwe utii kwa mfano wake. Mjomba, asiyepata kusoma neno moja juu ya Shibuya, aliirudisha picha kwenye ukweli ilioukwepa, kwa kujua tu maisha ya mbwa. Hili ndilo pungufu kubwa la kwanza la picha ya Hallström: wema wa wote waifanya ile miaka kumi iwe nyepesi mno. Mbwa alishwaye, apapaswaye na aitwaye kwa jina ana la kumleta stesheni kila siku hata asiwe na kumbukumbu, na hata huko Tokyo walikuwako waliosema kwamba yuaja kwa ajili ya nyama ya wauzaji. Picha yalipita swali hilo kwa haraka.

Songea haina reli. Garimoshi lililo karibu ni la TAZARA, Makambako, mwendo wa karibu kilomita 300, na watoto wale walikuwa hawajaliona. Mjomba aliita mahali pale "stendi". Garimoshi lilikuwa "gari la jioni", na abiria walishuka kwa haraka kama washukavyo watu wa basi la kutoka Dar es Salaam, wamechoka na wana vumbi, ijapokuwa katika runinga walikuwa na makoti safi. Kwa tafsiri hii ndogo, hadithi ilihamia katika mambo ambayo nchi ya Songea yayajua sana. Wakati wa ukoloni vijana wa Wangoni na Wandendeule walikwenda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na P. H. Gulliver aliyeichunguza hali hiyo alitoa taarifa yake mwaka 1955. Wengine walirudi baada ya mwaka, wengine baada ya miaka mingi, wengine hawakurudi. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Bibi aliyekuwa akipepeta maharage alikuwa mtoto katika miaka ile, na mbwa wa Marekani alipoanza kwenda stendi kumtazamia asiyerudi, aliweka ungo chini akatazama.

Hapo ndipo lilipoingia neno la pili. Mwanzoni mjomba alisema "anamngoja": Hachi anamngoja mwalimu, Hachi bado anangoja. Kadiri majani ya miti yalivyogeuka na theluji kuanguka na kuyeyuka, akaanza kusema "anasubiri", na hakurudi tena nyuma. Haielekei kwamba alikusudia. Lakini maneno haya mawili hayalingani, ijapokuwa kamusi hufasiri moja kwa jingine. "Kungoja" ni la Kibantu na halidai sifa yoyote. Mbuzi hungoja kufunguliwa. "Kusubiri" limetoka katika Kiarabu pamoja na "subira", na asubiriye yuavumilia jambo. Ana sehemu katika wema ambao watu huuomba kwa Mungu, na ambao hata kata moja ya Songea yaitwa kwa jina lake. Kiingereza kina neno moja tu mahali hapa, nalo halimpandishi wala halimshushi angojaye. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kulikwepa chaguo. Mjomba alimpandisha mbwa polepole, mwaka kwa mwaka, bila watoto kutambua ni lini alipovuka.

Basi ikaja saa ya umeme. Hadi mwaka 2018, njia kuu ya umeme ilipofika kutoka Makambako, mji wa Songea ulitegemea zaidi mitambo ya dizeli, na kukatika kwa umeme ilikuwa jambo la kila wiki. Usiku ule wa kwanza picha ilikatika mahali ambapo, kwa maoni ya mtazamaji alivyoirudia, ndipo penye uzuri wake wote. Miaka imepita. Cate, mjane, ambaye aliuza nyumba na kuhama, arudi Bedridge kuzuru kaburi la mumewe. Stesheni amwona mbwa, mchafu, mzee, yuko palepale. Amwomba amruhusu kungoja pamoja naye garimoshi lijalo, na aketi kando yake. Sebule ikawa giza.

Watoto wakapiga kelele wakitaka kujua mwisho. Mjomba, ambaye alikwisha kuiona picha kwingine, akawaeleza kwa mdomo. Gari lilikuja, akasema, watu wakashuka, mwalimu hakushuka. Mama akarudi kwake na Hachi akabaki. Halafu Hachi naye akafariki, akimsubiri mwalimu.

Bibi akamkatiza gizani. "Mbwa hafariki, mwanangu. Mtu ndiye hufariki. Mbwa hufa."

Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mama. Alikufa. Lakini alisubiri."

Maneno hayo yakawa ndio mwisho wa picha. Kila ilipotazamwa tena, mjomba aliizima Cate alipoketi kando ya mbwa, hata umeme ulipokuwapo, akamalizia kwa mdomo, na watoto wenyewe walitaka iwe hivyo, kama watakavyo watoto ngano irudiwe bila kubadilika. Ndiyo sababu mtazamaji hakupata kuuona mwisho uliotengenezwa Marekani mpaka alipokuwa mtu mzima.

Mwisho huo ni huu: usiku wa theluji mbwa mzee ajikokota hadi mahali pake, alala, na katika ndoto akumbuka siku zote, kisha mlango wa stesheni wafunguka, mwalimu atoka katika mwanga mweupe, ampokea, wakumbatiana. Hakuna asemaye kwamba amekufa. Muziki wapanda. Baadaye warudi darasani kwa Ronnie, ambaye wenzake hawacheki tena, na mwishoni kabisa yatokea maandishi juu ya mbwa wa Tokyo. Ni katika maandishi hayo tu ndipo neno la kufa laandikwa kwa mbwa, na hata hapo kwa kosa, kwani yataja Machi 1934, hali Hachikō alikufa mwaka mmoja baadaye.

Mtazamaji alilia alipoona, kama waliavyo wengi, na hakuna aibu katika hilo. Lakini machozi yakishakauka, mhakiki ana haki ya kuuliza yametolewa kwa njia gani. Picha imempa mbwa mauti ya mtu: ameonyeshwa maisha yake yote kwa dakika chache, akafunguliwa mlango, akapokelewa na aliyemtangulia. Mambo hayo ni ya imani za wanadamu juu ya wafu wao. Yametumiwa hapa ili mtazamaji asiondoke na uchungu, na jambo ambalo picha ilikuwa ikilijenga limebatilishwa, kwa maana akiwa mwalimu kweli amekuja, basi mbwa alikuwa akingoja kitu kijacho, na kungoja kitu kijacho kwaweza kufanywa na yeyote. Uzito wa kisa ulikuwa katika kwamba haji. Tena picha haikuthubutu kusema neno lolote wakati wa kifo chenyewe. Theluji na muziki vimeachiwa kazi hiyo, navyo haviwezi kuulizwa maswali.

Sebule ya Lizaboni haikuwa na njia hiyo ya kukimbilia. Umeme ulikuwa umekatika. Palikuwa na neno tu, na lugha ikadai neno hilo liwe la mtu au la mnyama. "Kufariki" kwa asili ni kuachana. Ni neno la adabu, na Kiswahili hulitoa kwa wanadamu kama kinavyotoa "kuaga dunia" na "kututoka". Mjomba alimpa Hachi neno hilo kwa upendo, naye alikosea kwa namna ile ile ambayo Hallström alikosea kwa mwanga wake mweupe. Bibi hakuwa akimdharau mbwa. Alikuwa akilinda neno ambalo watu wa ukoo wake walistahili, pamoja na wale ambao habari za kufariki kwao hazikuletwa na mtu. Na katika kusahihishwa, mjomba akapata maneno yaliyo bora kuliko aliyoyaanza nayo. "Alikufa. Lakini alisubiri." Mauti amepewa ya mbwa, bila kupambwa. Subira amepewa ya mtu, nayo hakuna aliyeipinga, hata bibi. Picha ya Marekani ilifanya kinyume: ilimpa mauti ya mtu, na kungoja kwake ikakuacha kuwa tabia ya aina yake ya mbwa, jambo ambalo Ken angeweza kulieleza kama alivyoeleza habari ya mpira.

Wako watakaosema kwamba kupima kazi ya mkurugenzi mkubwa kwa maneno machache ya mtu asiyejulikana, yaliyosemwa kwenye giza kwa watoto, ni kuvunja mizani. Jibu ni kwamba mfasiri wa picha ana ukoo mrefu katika nchi hii. Mradi wa sinema za mafunzo uliokuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulionyesha picha zake vijijini pamoja na maelezo ya kusemwa kwa Kiswahili na lugha nyingine. Baadaye, katika vibanda vya video, walitokea wafasiri waliolipiwa kiingilio kuliko picha zenyewe, na Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa hata mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, akachunguza kazi yake. Lakini wafasiri hao walisema mbele ya watu wengi, na baadhi ya sauti zao zilibaki katika kanda. Wa nyumbani hawakubaki popote. Matini ya mjomba wa Lizaboni ilitolewa pengine mara kumi au kumi na mbili, kwa wasikilizaji watano au sita, na haikuandikwa.

Na hata watano hao hawakubaliani. Mtazamaji alipomsimulia dada yake haya, dada, ambaye usiku ule alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikana kwamba mjomba alisema "alikufa". Asema anakumbuka vizuri kwamba bibi alipokwisha kumkatiza, mjomba alisema "alikata roho", maneno ambayo hutumika kwa mtu na kwa mnyama vilevile, na kwamba bibi aliridhika, akauliza kama mafuta ya taa yako.